Mapinduzi ya Zanzibar: Sultani Alikuwa Juu ya Jengo, Hakuwa Nguzo

Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, alifariki Muscat tarehe 30 Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 95. Alikuwa ameishi uhamishoni Uingereza kwa zaidi ya nusu karne, hadi Oman ilipomruhusu kuhamia huko mwaka 2020. Kifo chake kiliangukia wiki mbili kabla ya sherehe za Mapinduzi, na mjadala ukafufuka kwa sura ile ile tunayoijua. Upande mmoja ulisema ukurasa wa ufalme sasa umefungwa, upande wa pili ukaomboleza nchi ambayo ingekuwa tulivu na tajiri kama Sultani angeachwa. Pande hizi hazisalimiani, lakini zina imani moja: kwamba Januari 1964 ilikuwa kesi kati ya wananchi na kiti cha enzi. Mimi nadhani zote mbili zimekosea mahali pamoja. Kiti kile kilikuwa kimeshapwaya miaka mingi. Kilichopinduliwa hasa ni serikali ya mseto iliyoshika madaraka ikiwa na kura pungufu, utaratibu wa kumiliki mashamba na miti ambao haukuguswa hata utumwa ulipofutwa, na dola ya mwezi mmoja isiyo na jeshi ambayo ilikuwa imejitengenezea maadui ndani ya polisi wake. Anayemweka Sultani katikati hawezi kueleza kwa nini mambo yalitokea usiku ule, wala kwa nini ugomvi haukuisha alipopanda meli na kuondoka.

Tuanze na kiti chenyewe. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha himaya iliyounganisha Muscat na Zanzibar, na mwaka 1861 Waingereza wakaisuluhisha familia kwa kuigawa: Zanzibar ikawa peke yake, ikilazimika kuilipa Muscat reale 40,000 kila mwaka. Mwaka 1890 visiwa vikawa chini ya himaya ya Uingereza. Agosti 1896 Khalid bin Barghash alipojitangaza mtawala bila ridhaa ya Waingereza, manowari zao ziliipiga kasri kwa muda usiofika saa moja, na hapo likaisha swali la nani anachagua Sultani. Khalifa bin Harub, aliyekaa kitini kuanzia 1911 hadi 1960, aliheshimiwa na watu wa kila kabila, na heshima hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na kwamba maamuzi machungu ya kodi, ardhi na mahakama hayakuwa na sahihi yake. Baada yake mwanawe Abdullah alitawala chini ya miaka mitatu, kisha Jamshid akaingia tarehe 1 Julai 1963, wakati serikali ya ndani ilikuwa tayari mikononi mwa Waziri Mkuu Mohammed Shamte. Katiba ya uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ilimpa nafasi ya mkuu wa nchi anayefuata ushauri wa mawaziri. Alikaa kitini miezi sita na siku kadhaa. Kumwita dhalimu ni kumpa madaraka ambayo hakuwahi kuyashika, na kumwita baba wa amani iliyopotea ni kumpa sifa hiyo hiyo kwa mlango wa nyuma.

Sasa twende mashambani, maana huko ndiko kulikokuwa na moto. Karafuu zilipoenea Unguja na Pemba katika karne ya 19, zilipandwa na kuchumwa kwa nguvu za watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo. Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa, lakini tazama ilivyofutwa. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba mahakamani, aonyeshe ana mahali pa kuishi na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Bwana wake aliweza kulipwa fidia. Aliyeachwa huru hakupewa hata kipande cha ardhi. Kwa hiyo wengi walibaki pale pale, chini ya mikarafuu ile ile, kwa makubaliano mapya: mtu analima muhogo, mtama na viazi katikati ya miti, halipi kodi, na kwa kulima kwake shamba la mwenyewe linabaki safi bila magugu. Msimu ukifika anachuma na kulipwa kwa pishi. Baadaye wakaja watu wa bara, Wanyamwezi, Wazaramo, Wamakonde na wengine, wakaingia katika mpango huo huo. Wahadimu, wenyeji wa Unguja, wengi wao walikuwa kusini na mashariki ya kisiwa, kwenye ardhi ya mawe ambako mikarafuu haikubali.

Katika mpango huo kulikuwa na sharti moja ambalo mtu asiyeijua Zanzibar atalipita bila kuliona. Mkaaji aliruhusiwa kupanda mazao ya msimu tu. Mkarafuu au mnazi hakuruhusiwa kuupanda. Visiwani mti una mwenyewe, na mwenye mti si lazima awe mwenye ardhi. Miti inarithiwa, inauzwa na kuwekwa rehani peke yake. Aliyepanda mti amejenga haki. Kumzuia mtu kupanda mti, hata kama amelima pale miaka thelathini na watoto wake wamezaliwa pale, ni kumhakikishia kwamba atabaki mgeni. Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini maneno ya siasa ya miaka ya 1950, yaliyosikika juu juu kama ugomvi wa makabila, yalipokelewa mashambani kama ugomvi wa nani ana haki ya kukaa.

Lakini picha ya bwana shamba Mwarabu tajiri nayo inahitaji kupunguzwa chumvi kidogo, maana haikuwa hivyo kwa wote. Wenye mashamba wengi walikuwa wamezama katika madeni ya wafanyabiashara wa Kihindi. Kwa kuwa riba ni haramu, mkopo ulifungwa kwa mtindo wa bei khiyari: shamba linauzwa kwa maandishi, mwuzaji anabaki na haki ya kulikomboa akirudisha fedha katika muda uliowekwa, na katikati hapo analipa ujira wa kulitumia shamba lake mwenyewe. Msimu ukiwa mbaya au bei ikianguka, muda unapita na shamba linakwenda. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliingilia kati kwa sheria za madeni na za kuzuia ardhi kuhamia kwa wakopeshaji, na ikakipa Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoanzishwa mwaka 1927, madaraka makubwa juu ya biashara ya zao hilo. Wafanyabiashara wa Kihindi wakajibu kwa mgomo. Dola ikawa imeonyesha wazi inamlinda nani: mwenye shamba aliyefilisika alitungiwa sheria, mkaaji wa shambani hakutungiwa kitu. Na walikuwapo Wamanga, Waarabu waliokuja karibuni kutoka Oman, wenye viduka vya vijijini na wasio na shamba lolote. Hao ndio walioumia zaidi kila ghasia zilipozuka, kwa sababu ndio waliokuwa karibu.

Ubaguzi wa rangi ulikuwa pia kazi ya ofisi. Baraza la Kutunga Sheria lililoundwa mwaka 1926 lilikuwa na viti vya Waarabu, Wahindi na Wazungu. Mwafrika wa kwanza, Sheikh Ameir Tajo, aliingia mwaka 1946, miaka ishirini baadaye. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mgao wa chakula ulitolewa kwa kufuata kabila, na mchele ukawaendea Waasia na Waarabu kabla ya wengine. Mtu aliyekuwa hajawahi kujali anaitwa nani alianza kujali, kwa sababu jina la kabila lilikuwa sasa ni chakula. Ndiyo maana takwimu za sensa za miaka hiyo zinacheza, Washirazi, yaani wenyeji waliojihesabu kuwa na asili ya Uajemi, wanaongezeka hapa na kupungua pale bila watu kuhama.

Cha ajabu ni kwamba chama kilichokuja kuitwa cha Waarabu kilianzia kwa wakulima. Mwaka 1951 serikali ilipotaka kuchanja ng'ombe kwa nguvu, wanavijiji wa Kiembesamaki waligoma, wakakamatwa, na umati ukapambana na polisi katika kile kinachoitwa Vita vya Ng'ombe. Kutokana na hasira hiyo kilizaliwa chama cha raia wa Sultani ambacho mwaka 1955 kiligeuka kuwa ZNP (Zanzibar Nationalist Party), Hizbu kwa watu wa mitaani, chini ya Ali Muhsin Barwani na wenzake. Ilikuwa harakati ya kutaka uhuru mapema na kuupinga ukoloni kwa sauti kubwa kuliko yeyote. Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi zikaungana, na ndiyo asili ya chama cha Afro-Shirazi cha Abeid Amani Karume. Julai mwaka huo, katika uchaguzi wa kwanza, ZNP haikupata hata kiti kimoja kati ya sita, na Ali Muhsin mwenyewe alishindwa na Karume. Hapo ndipo zama za siasa zilipoanza kweli. Wenye mashamba walioiunga mkono Hizbu wakaanza kuwafukuza wakaaji waliojulikana kuwa Afro-Shirazi. Watu wa Afro-Shirazi wakagomea maduka ya Hizbu na kufungua ya kwao. Watu waliacha kuzikana. Makubaliano ya kukaa chini ya mikarafuu, yaliyodumu miaka sitini kwa sababu hayakuwa yameandikwa popote, yakavunjika kwa sababu hiyo hiyo.

Mwishoni mwa 1959 Shamte na wenzake walijitoa Afro-Shirazi wakaanzisha chama cha ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party), chenye mizizi Pemba. Pemba haikuwa Unguja: kule Washirazi wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, walioana na Waarabu, na woga wao mkubwa ulikuwa kumezwa na watu wa bara. Matokeo ya uchaguzi wa Januari 1961 yakawa fumbo: viti 22, Afro-Shirazi 10, ZNP 9, ZPPP 3. Jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja. Kisha wabunge wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuongeza kiti kimoja na kurudia uchaguzi Juni. Siku ya kura ghasia zikazuka, watu 68 wakauawa, wengi wao Waarabu, na wengi kati ya hao Wamanga wa mashambani. Afro-Shirazi na ZNP zikatoka 10 kwa 10, ZPPP ikawa na 3, na mseto wa ZNP na ZPPP ukaunda serikali ingawa Afro-Shirazi peke yake ilikuwa imekaribia nusu ya kura zote.

Uchaguzi wa Julai 1963, wa mwisho kabla ya uhuru, ulikuwa na majimbo 31. Afro-Shirazi ilipata kura zaidi ya asilimia 54. Ilipata viti 13. ZNP ilipata 12 na ZPPP 6, jumla 18. Wapinzani wa serikali ile wanasema kura ziliibwa na majimbo yalichorwa kwa hila, au, wale wa upande wa pili, kwamba kanuni ni kanuni na viti ndivyo vinavyohesabiwa. Mimi sioni haja ya kutafuta hila ili kueleza matokeo hayo. Chukua majimbo matatu yenye wapiga kura 4,000 kila moja. Chama kimoja kinashinda la kwanza kwa 3,200 dhidi ya 800, kisha kinashindwa mawili yaliyobaki kwa 1,900 dhidi ya 2,100. Kina kura 7,000 kati ya 12,000, asilimia 58, na kiti kimoja. Mshindani wake ana kura 5,000 na viti viwili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Afro-Shirazi: kura zake zilirundikana Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida ya mji wa Zanzibar, na kwenye ngome zake za Unguja, na Pemba zilikuwa nyingi lakini zikaishia katika kushindwa kwa karibu. Utaratibu huu wa mshindi mmoja kwa kila jimbo hutoa matokeo ya namna hii hata Uingereza ulikotoka, na kule watu hununa wakasubiri uchaguzi ujao. Zanzibar hakukuwa na imani kwamba utakuwapo uchaguzi ujao ulio huru, na serikali mpya haikufanya lolote kuijenga imani hiyo. Ilianza kazi kwa kubana vyama na magazeti ya upinzani, na mapema Januari ikakipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, aliyekuwa amejitoa ZNP mwaka uliopita. Yote haya yakitendeka bei ya karafuu ilikuwa chini, Indonesia, mnunuzi mkubwa anayezitumia katika sigara, ikiwa imepunguza ununuzi wake, na hazina iliyotegemea ushuru wa karafuu haikuwa na cha kugawa.

Bado hasira peke yake haiangushi serikali. Misri mwaka 1952 na Ethiopia mwaka 1974 wafalme waling'olewa na majeshi yao wenyewe, yaani na watu waliokuwa na bunduki tayari. Zanzibar hakukuwa na jeshi. Kikosi cha Waingereza kilicholetwa baada ya ghasia za 1961 kilikuwa kimeondoka, na uhuru ulikuja bila mkataba wa ulinzi na Uingereza. Nguvu yote ya dola ilikuwa polisi, na polisi hao kwa miaka mingi waliajiriwa kutoka bara. Serikali ya Shamte ikaamua jeshi la polisi liwe la Wazanzibari. Kwa maneno ni sera ya kawaida ya nchi inayopata uhuru. Kwa vitendo, askari wenye ujuzi waliachishwa kazi, wengi bila nauli ya kurudi kwao, wakabaki mjini wakiwa hawana kazi, wakijua mpangilio wa zamu, mahali pa maghala ya silaha na nani analinda mlango gani. Nimewahi kuwasikia watu wakitafuta siri ya ushindi wa usiku ule katika manowari za kigeni na fedha za mashirika ya kijasusi. Siri ilikuwa katika orodha ya walioachishwa kazi.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 12 Januari 1964, watu mia kadhaa, wengi wakiwa na mapanga, mikuki na pinde, walivamia makao ya polisi Ziwani na kambi ya Mtoni. Shabaha yao haikuwa kasri. Walikwenda penye ghala la silaha, na ghala la Ziwani lilipovunjwa mizani ikageuka, kwa sababu kila bunduki iliyotoka pale ilikuwa imetoka upande mmoja na kuongezeka upande wa pili. Kisha kituo cha redio cha Raha Leo kikatekwa, na sauti ya John Okello, Mganda aliyefika Pemba mwaka 1959, ikaanza kutoa amri hewani akijiita Fildi Mashali. Kituo cha polisi cha Malindi, karibu na bandari, ndicho kilichoshikilia muda mrefu zaidi mchana ule. Serikali iliomba msaada wa Uingereza na majirani, haukuja. Sultani na familia yake walipanda yoti yake, wakakataliwa kushuka Mombasa, wakaishia Dar es Salaam na kutoka huko kwenda Uingereza. Hakuna aliyepigana kulinda kiti. Hili peke yake lingetosha kutuonyesha kiti kilikuwa na uzito gani.

Hoja za pande zinazobishana kila Januari zina nguvu zisizolingana. Hoja ya kwamba yalikuwa mavamizi kutoka nje ina ukweli ndani yake: Okello hakuwa Mzanzibari, askari walioachishwa kazi walikuwa watu wa bara, na Tanganyika ilituma polisi siku chache baadaye kusaidia kuweka utulivu. Lakini wavamizi mia kadhaa hawawezi kushika visiwa viwili kama zaidi ya nusu ya wapiga kura wa visiwa hivyo hawakuwa wameipigia kura Afro-Shirazi miezi sita kabla. Walikuwa wameipigia. Na wale watu wa bara walioshika mapanga, wengi wao walikuwa wamelima, kuchuma na kuzaa Unguja kwa miaka; kuwaita wageni ni kurudia lile sharti la kutopanda mti. Hoja ya upande wa pili, kwamba yalikuwa hitimisho la vita vya karne nzima dhidi ya utumwa, inakosea miaka lakini inagusa jambo la kweli. Vijana wa 1964 hawakuwa watumwa, wala wazazi wa wengi wao. Walichorithi ni namna utumwa ulivyofutwa, bila ardhi. Hoja hii hata hivyo hutumika vibaya inapofunika mauaji ya siku zile. Waarabu na Wahindi wasio na madaraka yoyote waliuawa majumbani na njiani kwa maelfu kwa makadirio ya wengi, wengine wakasombwa kwenye kambi na kusafirishwa kwa majahazi. Kufukuza serikali hakukuhitaji hayo, na serikali ilikuwa imeshaanguka yalipoendelea.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile iliyopendwa na magazeti ya Magharibi mwaka ule: kwamba ilikuwa njama ya kikomunisti, Cuba ya Afrika. Ilijengwa juu ya vijana wa Umma, makomredi, baadhi yao wakiwa wamefunzwa Cuba, waliofuga ndevu na kutoa salamu za Kihispania. Babu, kiongozi wao, usiku ule alikuwa Dar es Salaam. Vijana wake waliingia mapambano yalipokwisha kuanza, wakasaidia kwa mpangilio na nidhamu ambayo umati haukuwa nayo, na hawakuwa wameyaanzisha. Ushirikiano na Ujerumani Mashariki na China ulikuja baada ya hapo, wakati nchi za Magharibi ziliposita kuitambua serikali mpya. Hofu ya ukomunisti ilichangia matokeo, kwa maana ya kuharakisha Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, lakini haikuwa chanzo. Okello mwenyewe, asiyekuwa na itikadi ya kueleweka, alizuiwa kurudi visiwani Machi mwaka huo huo.

Matokeo ndiyo yanayoonyesha vizuri zaidi kilichokuwa kimelengwa. Kiti kilifutwa mara moja na hakuna aliyehangaika nacho tena. Ardhi ndiyo iliyofanyiwa kazi. Tarehe 8 Machi 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya Serikali. Tarehe 11 Novemba 1965 ugawaji wa eka tatu tatu ukaanza, na hadi katikati ya miaka ya 1970 zaidi ya familia 20,000 zilikuwa zimepata. Elimu ilitangazwa bure tarehe 23 Septemba 1964. Majumba ya Michenzani yakapandishwa Ng'ambo kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kwa ajili ya watu wa vibanda vya makuti na udongo. Karume, sasa Rais, aliiita serikali yake ya wakwezi na wakulima, na kwa hesabu ya eka na madarasa hakusema uongo.

Lakini eka tatu zilikuja na kasoro iliyowekwa tangu mwanzo. Aliyepewa hakuwa mmiliki, alikuwa mtumiaji kwa idhini ya Serikali. Hakuruhusiwa kuuza, na idhini ingeweza kuondolewa. Mkarafuu unachukua miaka saba au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, na unaishi miongo mingi. Nani atapanda mche leo kwenye ardhi ambayo kesho inaweza kuwa ya mwingine? Wengi walichuma miti iliyopandwa na waliofukuzwa na hawakuziba mapengo ilipokufa. Kwa upande wa soko, shirika la biashara la Serikali likawa mnunuzi pekee, likimpa mkulima sehemu ndogo ya bei ya dunia na kujaza hazina ya fedha za kigeni, wakati ambapo mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele na sukari vilikuwa vya foleni. Mkulima wa Pemba akaelekeza jahazi kaskazini usiku, Shimoni na Vanga katika pwani ya Kenya, na adhabu za magendo zikawa kali mno. Kwa mara nyingine dola ilikuwa imepata fedha zake kutoka kwenye mkarafuu na kumwachia mchumaji makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki karafuu zikishatolewa. Mabadiliko ya kweli katika hili yalichelewa hadi muongo wa 2010, mkulima alipoanza kulipwa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia.

Kwa Pemba hesabu ilikuwa chungu zaidi. Kule ambako Washirazi walikuwa na miti yao, Mapinduzi hayakuwapa kitu na yaliwanyang'anya chama chao, wawakilishi wao na soko lao. Na uchaguzi, chanzo cha karibu cha yote, ulifutwa badala ya kurekebishwa. Wazanzibari hawakuchagua wawakilishi wao hadi Baraza la Wawakilishi lilipoundwa mwaka 1980. Ulipokuja uchaguzi wa vyama vingi mwaka 1995, Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha CUF, Pemba upande mmoja na sehemu kubwa ya Unguja upande wa pili. Ilikuwa 1961 imerudi na majina mapya. Januari 2001 damu ikamwagika Pemba. Sultani hakuwapo, Waingereza hawakuwapo, mabwana shamba hawakuwapo, na visiwa viliendelea kugawanyika karibu nusu kwa nusu chini ya kanuni ya mshindi kuchukua vyote.

Kwa hiyo tukitafuta tukio lililojibu swali la 1963, si tarehe 12 Januari. Ni kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 ya wapiga kura walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani chama cha pili kiwe na haki ya kuwamo serikalini kwa mujibu wa katiba badala ya kwa hisani. Kama kanuni hiyo ingekuwapo mwaka 1963, Afro-Shirazi yenye asilimia 54 isingebaki nje, na Shamte asingehitaji kuwaogopa askari wake. Kwamba kanuni peke yake haitoshi kulithibitika Oktoba 2015, matokeo yalipofutwa na uchaguzi kurudiwa Machi 2016 bila CUF kushiriki. Utaratibu wa kugawana madaraka unategemea hesabu ya kura inayoaminika, na hiyo ndiyo sehemu ambayo haijawahi kutengenezwa kikamilifu tangu jimbo la Chake Chake lilipoamuliwa kwa kura moja.

Na ardhi bado ipo mezani. Eka tatu zimeshapita kwa watoto na wajukuu. Zilizo karibu na mji zimekatwa viwanja na kuuzwa kwa karatasi za mkono, nyumba zimesimama palipokuwa na mikarafuu, na mnunuzi hana hati kwa sababu mwuzaji hakuwahi kuwa nayo. Kila mgogoro wa namna hiyo ukifika mahakamani, hakimu anarudi kwenye swali ambalo mkaaji wa shambani aliulizwa kabla ya 1964: miti ni ya nani, ardhi ni ya nani, na aliyeilima anadai nini?